Tengeneza Baiskeli Yako, Uijue Fort Ternan

(Hotuba hii ilitolewa na fundi mmoja katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia hapa Fort Ternan. Tumeiandika karibu kama alivyoisema.)



Nimeambiwa niseme juu ya kutengeneza baiskeli kwa pesa kidogo. Nitasema. Lakini kwanza niwaambie kwa nini mimi nachechemea, maana wengi mnadhani ni baridi ya uzee. (Kicheko.) Si uzee. Ni mpira wa breki.

Nilikuwa natoka upande wa Kipkelion jioni moja, peke yangu, mvua imetoka kunyesha. Mpira wa breki ya mbele ulikuwa umekwisha wiki mbili na nilijua. Nikawa nasema, nitanunua mwisho wa mwezi. Breki ya nyuma, ule ufito wake nilikuwa nimeufunga kwa waya wa ua. Ninyi mnaujua ule mteremko. Kwenye kona waya ukakatika, nikaingia mtaroni, goti likapiga jiwe. Nikakaa pale mpaka giza, naita, hakuna mtu. Nyumbani hawakujua nimepita njia gani. Mama watoto alifikiri nimelala kwa ndugu yangu. Asubuhi watu wa maziwa ndio walinikuta nikitetemeka.

Sasa sikieni. Ule mpira ungekatwa kutoka tairi kuukuu la gari, bure kabisa. Na kusema nyumbani "napitia njia fulani" ni bure pia. Sikukosa pesa siku ile. Nilikosa kufanya mambo mawili yasiyo na bei, na goti hili halikurudi kama zamani.

Kwa hivyo naanza na breki. Huku kwetu si Kano ambako nchi ni tambarare. Huku mtu anaweza kwenda bila kengele, hata bila madigadi, lakini bila breki asitoke boma. Kwa zile baiskeli nyeusi nzito, Black Mamba, breki ni ya fito za chuma na vipande vya mpira vinavyoshika rimu. Tafuta tairi la gari lililotupwa, chagua sehemu isiyo na nyaya ndani, ukate kipande kama kile cha zamani kwa kisu kikali. Ukikiweka hakikisha kinagusa rimu peke yake, si tairi. Kikigusa tairi kitalikula mpaka tyubu ipasuke. Na mvua ikinyesha rimu inateleza. Bonyeza kidogo kidogo kabla hujafika mteremkoni, maji yapanguke. Mteremko ukiwa mkali sana, shuka utembee. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, mwonyeshe goti langu.

Halafu pancha. Hapa ndipo pesa zetu nyingi zinaishia. Watu hukimbilia kutoa tairi kabla ya kuangalia valvu. Valvu zetu nyingi zina kampira kadogo ndani, na huko ndiko upepo hutokea mara nyingi. Jaza upepo, weka mate kwenye mdomo wa valvu. Ukiona povu, badilisha kampira, umemaliza kazi. Mimi nabeba vitatu ndani ya kiberiti.

Kama ni tyubu kweli, itoe upande mmoja, usitoe gurudumu lote. Tumbukiza kwenye karai la maji. Njiani hakuna karai, basi ipitishe karibu na shavu lako, utasikia upepo. Ukipata tundu usianze kubandika. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi, maana mwiba bado umekaa pale unakungoja. Kata kiraka kutoka tyubu iliyokufa, kona zake uzifanye mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo huanza kuinuka. Kwaruza kwa msasa au kwa jiwe lenye mchanga mpaka mng'aro uishe. Paka solusheni nyembamba pande zote mbili, kisha ungoje. Kungoja ndiyo kazi ngumu! Sisi tunabandika ikiwa bado maji, halafu tunalaumu duka. Gusa kwa mgongo wa kidole. Isipokushika, bandika, ugongegonge kwa mpini wa spana.

Tairi likichanika, shona kwa uzi wa nailoni, na ndani uweke kipande cha tairi kuukuu kuzuia tyubu isitokeze. Na ukikwama kabisa, tyubu imekufa na nyumbani ni mbali, shindilia majani makavu ndani ya tairi mpaka ligangamale, uende polepole. Nimefanya hivyo mwenyewe. Unayumba kama mlevi lakini unafika.

Cheni msiimwagie oili chafu ya gari. Inakusanya vumbi na vumbi linasaga meno. Futa kwa kitambaa, weka tone moja moja la oili safi, ufute tena. Kuijua kama imechoka, ishike pale mbele kabisa kwenye gurudumu la meno uivute. Ukiona jino karibu lote, cheni imerefuka, inunuliwe nyingine kabla haijaharibu meno. Spoki, zigonge kwa kijiti, inayolia vibaya imelegea. Pedeli ikigonga "tak, tak" ni kotapini, usiiendeshe hivyo, itakula tundu lake na utanunua mkono mzima. Mambo ya gololi na grisi tutayafanya mchana kwa mikono, maneno hayatoshi.

Kikundi chetu kilianza watu kumi. Kila mmoja alitoa shilingi 100, tukapata 1,000, tukanunua pampu moja, spana, msasa na solusheni. Vitu hivi vinakaa kwa mama mmoja ambaye hadanganyiki. (Kicheko.) Ukichukua unaandika kwenye daftari. Tulishindana mwanzoni kuhusu pampu, kila mtu akitaka ikae kwake, karibu kikundi kivunjike. Nawaambia mapema mpatane juu ya pampu.

Sasa nakuja kwa lile lingine. Ukiwa na baiskeli unayoweza kuiponya njiani, unaweza kwenda peke yako. Kwenda wapi? Hapa hapa. Najua huku kwetu mtu akionekana anazunguka bila mzigo, bila ng'ombe aliyepotea, ataulizwa, "Unatafuta nini?" Mimi najibu, natafuta kujua kwetu. Wananiona mgonjwa kidogo.

Lakini fikirini. Mtu akizaliwa hapa ameona ile njia ya kwenda sokoni na ile ya kwenda kanisani. Wageni wanatoka ng'ambo wakitaja Fort Ternan katika vitabu, na sisi hatujui kwa nini. Mwaka 1961 hapa, katika shamba la mzungu aliyeitwa Fred Wicker, Dr. Louis Leakey na watu wake walichimba wakapata kipande cha taya la mnyama wa jamii ya nyani wakubwa. Mwaka 1962 Leakey akalipa jina, Kenyapithecus wickeri: neno la kwanza ni la nchi yetu, la pili ni la mwenye shamba. Mifupa ile ina miaka kama milioni 14. Pamoja nayo walipata swala na jamaa za twiga wa zamani waliokwisha kabisa. Majivu ya volkano ndiyo yaliyoifunika na kuihifadhi, na mlima Tinderet mnaouona kule juu ni volkano iliyozimika. Kuna mzee hapa amechunga mbuzi karibu na pale miaka yote, aliposikia alisema, "Basi mimi nilikuwa nakalia watu wa zamani!"

Ukienda, muulize mwenye mahali kwanza. Na ukiona mfupa uliogeuka jiwe, popote, usiuokote. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inavilinda vitu hivi. Uache pale pale, utie alama, umwambie chifu ili watu wa Makumbusho ya Taifa wajulishwe. Ukishatolewa mahali pake, hata kwa mtaalamu inakuwa vigumu kujua ulikuwa wa wakati gani.

Na reli ile. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na ili ishuke kutoka Mau mpaka bonde la Nyando, ilibidi madaraja marefu ya chuma, 27 yote pamoja, ambayo kampuni ya Marekani ilipewa kazi ya kuyajenga. Yatazame kutoka chini. Usivuke daraja la reli na baiskeli, hata kama watoto wanakuambia gari moshi halipiti leo.

Nimesema kujua, lakini kujua kuna faida ya mfukoni pia. Katika kikundi chetu kuna dada mmoja ambaye kila Jumamosi alikuwa anaenda peke yake, mara upande wa juu kwenye chai, mara upande wa chini kwenye miwa, na daftari la mtoto wa shule. Anaandika chemchemi iko wapi, na kama inakauka Januari. Nani anauza miche. Kivuko gani kinafunikwa na maji mvua ikizidi. Baba mkwe wake alikataa kabisa: mke wa mtu anazunguka na baiskeli? Mambo yakafika kwa wazee. Tulipotaka miche ya kahawa kwa kikundi, sisi wanaume tulikuwa tunajua mahali pamoja tu. Yeye akafungua daftari akataja mahali pane, na pale karibu zaidi palikuwa nafuu. Baba mkwe alinyamaza. Sisemi alikubali, alinyamaza. Juzi nimesikia anauliza kama daftari lina mahali pa kununua ng'ombe. (Kicheko.)

Huyo dada hatoki kabla ya kusema njia. Anaandika kwenye karatasi, anaacha kwa jirani: napita hapa, narudi saa kumi. Saa kumi na moja ikipita, jirani anatuma kijana. Akipita shamba la kampuni ya chai anauliza langoni. Anabeba maji, viraka, spana na pampu ya kikundi, na anageuka nyumbani akiona mawingu juu ya Tinderet. Kama ningekuwa na jirani na karatasi kama hiyo, usiku ule nisingelala mtaroni.

Basi nimesema vya kutosha. Hapa nje nimeleta baiskeli tatu, zote mbovu, sikuzichagua. Moja ni ya Mchungaji. (Makofi.) Ninaomba watu sita, watatu wawe akina mama, na wasiwe wale wanaojua. Karai la maji liko wapi? Leteni.