Njia Isikatwe: Fundisho la Reli ya Zamani ya Otago

(Hotuba kwa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili)



 Tunapozungumza juu ya njia za kwenda shule, zahanati na kisimani, mara nyingi tunaanza na fedha. Leo tunaomba tuanze na ardhi.

Kusini mwa New Zealand, katika jimbo la Otago, ujenzi wa reli ya kwenda bara ulianza mwaka 1879. Ilifika Clyde mwaka 1907 na Cromwell mwaka 1921. Ilibeba kondoo, sufu na matunda. Baadaye malori yakachukua mizigo yake, na mwaka 1990 sehemu ya Clyde hadi Middlemarch ikafungwa. Reli ziking'olewa. Vijiji vilivyoishi kwa stesheni vikabaki vimenyamaza.

Kilichobaki ni tuta la udongo, madaraja na mahandaki. Thamani yake ilikuwa moja tu: lilikuwa halijakatika. Kama kila jirani angeuziwa kipande kinachopita shambani kwake, hakuna ambaye angeweza kukiunganisha tena. Mwaka 1993 Idara ya Uhifadhi ya nchi hiyo ililichukua tuta lote kwa pamoja. Mwaka uliofuata wananchi wakaunda mfuko wa kuchangisha fedha.

Si wote waliofurahi. Wafugaji waliogopa mageti kuachwa wazi, mbwa kusumbua kondoo, na moto. Hofu hizo zilikuwa za haki, nazo zilihitaji kujibiwa kwa uzio, mageti na masharti ya matumizi. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu: kutandaza changarawe laini ili baiskeli ipite, na kuweka mbao na vishikio kwenye madaraja zaidi ya 60. Na kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, njia ile ina mwinuko mdogo. Mzee na mtoto huiweza. Mwaka 2000 njia nzima, kilometa 150 hivi, ilifunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Wasafiri wakahitaji chakula na malazi, na baadhi ya familia za wakulima zikafungua nyumba za wageni.

Ndugu zetu, hatuwaahidi watalii. Mazingira yetu ni mengine. Hata hivyo, nasi tunajua habari za reli iliyoondoka: ile ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na njia zetu za miguu hukatika kwa namna ile ile, kidogo kidogo: huyu anaongeza tuta la mihogo, yule anapanda mkonge kuwa uzio, na mama mwenye mtoto mgongoni analazimika kuzunguka. Tukijenga kivuko kizuri katikati ya njia iliyofungwa mbele, tumezika sadaka za watu.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, tembeeni njia yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na serikali ya kijiji na kila mwenye shamba linalopakana nayo. Msikilizeni anayekataa kabla ya wote. Pili, makubaliano yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaandikwe katika muhtasari, na njia ionyeshwe katika mpango wa matumizi ya ardhi. Maneno ya mdomo hufa pamoja na aliyeyasema. Tatu, anzeni na vivuko vya mito na mabonde, kwani hapo ndipo njia hukatika wakati wa masika.

Kwenu wafadhili tuna ombi moja: mtuvumilie. Katika kazi ya namna hii, miezi ya kwanza haina jengo la kupiga picha. Kuna vikao, kuna kutembea, kuna mihutasari yenye sahihi. Lakini bila hiyo, saruji mtakayotununulia haitamfikisha mgonjwa zahanati.

Haba na haba hujaza kibaba. Twendeni tukailinde njia kwanza, kisha tuijenge.

Mungu awabariki.