Bwana Humphrey Slade, Wakili Aliyerudishwa Kitini

Maneno ya hotuba kwa watu wa Voi na kaunti ya Taita Taveta

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maana yake hapana mtu asiyependa kujifaidi mwenyewe apatapo nafasi. Methali hii ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli, kila mkutano wa watu huhitaji mtu mmoja ambaye hatavuta ngozi upande wowote. Hotuba hii yahusu mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo katika Kenya, akaifanya kwa muda wa miaka kumi, na akarudishwa kitini na watu ambao zamani alikuwa mpinzani wao.

Mtu huyo ni Bwana Humphrey Slade. Alizaliwa Uingereza katika mwaka wa 1905, akasomea sheria, kisha akaja Kenya kabla ya Vita Vikuu vya Pili, akafanya kazi ya uwakili. Katika miaka ya 1950 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mjumbe wa Wazungu wa sehemu ya Aberdare. Nchi ilikuwa katika taabu kubwa. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, na siku ile ile Bwana Jomo Kenyatta alikamatwa. Bwana Slade alikuwa miongoni mwa wasemaji wa walowezi waliotaka Serikali iwe kali. Haifai kulificha neno hili, kwa kuwa bila ya kulijua, mambo yaliyofuata hayataonekana ukubwa wake.

Kwanza yafaa kueleza cheo chenyewe. Spika ndiye mkuu wa mikutano ya Baraza. Mjumbe hasemi mpaka Spika amemwita. Mjumbe akitukana, Spika humtaka ayaondoe maneno yake. Akikataa, huamriwa atoke nje. Mbele ya Spika huwekwa siwa, alama ya mamlaka ya Baraza. Watu wa Lamu na Pate walikuwa na siwa zao tangu zamani, pembe zilizopulizwa katika sherehe za wakuu, na ndiyo sababu jina hilo la pwani limefaa kwa rungu la Bunge.

Lakini nguvu za Spika ni nguvu zenye mpaka. Yeye hasimami kusifu Serikali wala kuilaumu. Watu wa Taveta watalifahamu jambo hili upesi. Maji ya Njoro Kubwa hugawanywa kwa mifereji katika mashamba mengi, na maji yakipungua hutokea ugomvi. Wazee wanapokaa kuamua zamu za maji, yule anayeongoza kikao hatakiwi kutaja shamba lake mwenyewe. Akilitaja mara moja tu, kikao kimekwisha, hata kama watu hawajainuka. Ndivyo ilivyo kwa Spika.

Kabla ya mwaka wa 1948 Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na Spika. Gavana mwenyewe ndiye aliyeongoza mikutano. Maana yake ni kwamba mkuu wa Serikali ndiye aliyeamua nani aseme dhidi ya Serikali. Katika mwaka huo akawekwa Spika wa kwanza, Bwana William Horne. Baada yake, mwaka wa 1955, akaja Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck, mmoja wa wakuu wa walowezi.

Mwanzo wa 1960 viongozi wa Kenya walikutana London katika nyumba ya Lancaster, na ikawa wazi kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza. Sir Ferdinand hakukubali. Alijiuzulu cheo cha Spika, akaunda chama cha kuyapinga mapatano yale. Kiti kikawa kitupu, na aliyekalishwa hapo alikuwa Bwana Slade.

Wengi waliweza kuuliza swali la haki: je, mlowezi huyu atakuwa tofauti na mlowezi aliyetoka? Jawabu halikutolewa kwa hotuba. Lilitolewa siku kwa siku. Uchaguzi wa Februari 1961 ulileta wajumbe wengi wa KANU na wa KADU, nao wakamkuta yeye kitini. Mwezi wa Agosti mwaka ule Bwana Kenyatta aliachiliwa huru. Januari 1962 akaingia Barazani kuwa mjumbe wa Fort Hall, baada ya Bwana Kariuki Njiiri kumwachia kiti. Basi watu waliona jambo la kuwaza: mtu aliyefungwa katika Hali ya Hatari amesimama kusema, na aliyeongoza mkutano ni yule aliyekuwa msemaji wa walowezi wakati wa Hali hiyo hiyo. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kumchukia mwenzake. Lakini kanuni ziliwataka waitane kwa heshima, na kazi ikaendelea.

Katika Mei 1963 ulifanywa uchaguzi mkuu, na KANU wakashinda. Kenya ikapata Bunge la nyumba mbili. Seneti ilikuwa na wajumbe 41, na Spika wake alikuwa Bwana Timothy Chokwe, mtu wa pwani. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na wajumbe 117 wa majimbo, pamoja na wengine 12 waliochaguliwa na wajumbe wenyewe. Baraza hili lilitakiwa kuchagua Spika wake. Wakati huu hapakuwa na Gavana wa kumweka mtu, wala hapakuwa na wingi wa Wazungu wa kumpigania mwenzao. Waafrika walikuwa na uwezo wa kumchagua wamtakaye, nao wakamchagua tena Bwana Slade.

Kwa nini? Sababu moja yaonekana wazi. Bunge lilikuwa changa, na wajumbe wengi hawakuwa wamepata kukaa ndani ya Baraza lolote la namna ile. Walihitaji mtu anayezijua kanuni kwa moyo. Lakini ujuzi peke yake hautoshi, maana fundi asiyeaminika haitwi mara ya pili. Upande mmoja wa nyumba walikaa KANU wenye Serikali, na upande wa pili KADU wakiongozwa na Bwana Ronald Ngala, mwakilishi wa watu wa pwani tangu uchaguzi wa 1957. Walishindana vikali juu ya serikali za majimbo. Pande zote mbili zilimhitaji Spika ambaye hatageuza saa kwa ajili ya rafiki.

Kwa watu wa Taita jambo hili halikuwa la mbali. Bwana Dawson Mwanyumba, mwana wa Taita, alikuwa waziri katika Serikali ya 1963, akisimamia mambo ya ujenzi na mawasiliano. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi yapita Voi, na toka Voi barabara nyingine yaelekea Taveta. Mjumbe yeyote alikuwa na haki ya kusimama na kuuliza juu ya barabara, na waziri alipaswa kusimama na kujibu. Waziri hakuweza kumnyamazisha mwulizaji, wala mwulizaji hakuweza kumtukana waziri. Aliyewalinda wote wawili ni Spika.

Yafaa pia kusema yale ambayo Spika hakuweza kuyafanya. Novemba 1964 KADU walivunja chama chao, wakahamia upande wa Serikali. Katika 1966 Bwana Oginga Odinga na wenzake walitoka KANU na kuunda KPU. Mwezi wa Aprili sheria ilipitishwa kwa haraka, isemayo kwamba mjumbe aliyehama chama chake apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Wajumbe wapata thelathini wa nyumba zote mbili wakapoteza viti vyao, na uchaguzi mdogo ukafanywa Juni. Wale waliohama KADU miaka miwili kabla hawakutakiwa kufanya vile. Wengi waliona kwamba hapa mizani haikuwa sawa. Lakini Spika si mtunga sheria. Walio wengi wakikata shauri, yeye huhakikisha tu kwamba kanuni zimefuatwa. Huweza kulinda mlango wa kusemea. Hawezi kuwapa watu moyo wa kusikiliza.

Mwanzo wa 1967 Seneti na Baraza la Wawakilishi viliunganishwa, likawa Bunge moja. Kwa hiyo cheo cha Spika wa Baraza la Wawakilishi kilikwisha pamoja na Baraza lenyewe, na ilipasa kuchagua upya. Aliyeshika kiti cha Bunge jipya akawa tena Bwana Slade. Basi aliwekwa na utawala wa kikoloni mwaka wa 1960, akachaguliwa na Waafrika mwaka wa 1963, akashika tena 1967. Jina la nyumba lilibadilika mara mbili, bendera ikabadilika, nchi ikawa Jamhuri. Aliyeketi mbele ya siwa alikuwa yeye yule. Pia aliandika kitabu cha kueleza Bunge la Kenya na kanuni zake.

Mwaka wa 1970, baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 1969, kiti kilichukuliwa na Bwana Fred Mati, naye pia mwanasheria, kutoka Ukambani, jirani za Wataita. Alikishika mpaka 1988.

Mabibi na Mabwana, habari hii haikutolewa ili kumfanya mtu mmoja kuwa malaika. Bwana Slade alikuwa na upande wake katika miaka ya vita, na waliopata mateso miaka ile hawakupaswa kusahau. Lakini alipokalia kiti cha kuamua, aliacha upande wake mlangoni, na wale waliokuwa na haki ya kumkataa walimpima kwa kazi yake. Katika kila kijiji cha Taita kuna vyama, kamati za shule, kamati za maji na vikao vya wazee. Kila kimoja kina kiti cha mbele. Atakayekalia kiti hicho ataulizwa swali moja tu: je, adui yako akija kusema, utampa zamu yake? Akiweza kujibu ndiyo, na watu wakaliona jibu hilo kwa macho yao, hatahitaji kuomba arudishwe. Watu wenyewe watamwita.