Tumeleta kitabu

Maneno ya vijana watatu wa kioski cha simu, mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Mabanga Nord. Yanachapwa karibu vile yalivyosemwa.



Komite imetuomba tuseme juu ya "ule mchezo ya kwa simu". Tunajua kuna habari mbili zinatembea kwenye kartie. Ya kwanza: kwamba usiku mmoja tulishinda dola 214 tukiwa tumekaa tu juu ya kitanda. Ya pili: kwamba tulikula makuta ya AVEC. Zote mbili ni kweli. Kijana mwenye alisikia ya kwanza anakuja kioski kutuomba tumfundishe. Mama mwenye alisikia ya pili anamvuta mtoto wake mkono akipita mbele yetu. Leo tunaomba msikie zote mbili pamoja, maana mwenye kusikia moja tu amedanganywa nusu. Njo maana tumeleta kitabu.

Tuseme kwanza tulitoka wapi. Tuko watatu, tulirudi kutoka Uganda, na chama kilitukopesha dola 150 tufungue kioski cha kuchaji na kutengeneza simu. Mkopo ule wa kwanza tuliulipa wote, kwa wakati. Hatusemi hivyo kwa kujisifu. Tunataka tu vijana waelewe kwamba watu wa kuaminika pia wanaanguka.

Mmoja wetu alijifunza poka kule Kampala, akicheza bure kwenye simu wakati wa kungoja kazi. Mchezo wenyewe si mgumu kuelewa. Kila mtu anapata karata mbili za siri, kisha karata tano zinawekwa wazi katikati kwa wote. Mwenye kupanga karata tano bora anashinda. Lakini unaweza kushinda hata na karata mbaya, ukiweka dau kubwa mpaka mwenzako aogope na aachie.

Alitusimulia habari ya Mmarekani mmoja, Chris Moneymaker, ambaye jina lake la ukoo kwa kweli maana yake ni mtengeneza makuta. Alikuwa mtu wa hesabu za ofisi, si mchezaji wa kazi. Mwaka 2003 aliingia katika shindano dogo la poka kwenye intaneti kwa dola 86, akapata nafasi katika shindano kubwa la Las Vegas, ambako kiingilio kilikuwa dola 10,000. Walikuwa watu 839. Akawashinda wote na kurudi nyumbani na dola milioni 2.5. Sisi tulisikia zile 86 na zile milioni. Hatukuuliza hata mara moja: na wale 838 wengine walirudi nyumbani na nini?

Sasa, mashindano ya kwenye simu yanaenda hivi. Chukua shindano la dola 1 na senti 10. Dola inaingia katika mfuko wa zawadi, senti 10 zinabaki kwa wenye mtandao. Kama wameingia watu 1,000, mfuko ni dola 1,000. Wanaolipwa ni kama 150 tu, na wengi wao wanapata dola mbili hivi. Wa kwanza anaweza kupata dola 150 au kupita kidogo. Kila baada ya dakika chache, dau la lazima linapanda, kwa hiyo huwezi kukaa kimya kungoja karata nzuri. Ukingoja sana unaliwa polepole. Ukimaliza jetoni zako, umetoka.

Tufanye hesabu pamoja. Kama watu wote 1,000 wana akili sawa, wewe utakuwa wa kwanza mara moja katika michezo 1,000. Ukicheza mmoja kila usiku, hiyo ni karibu miaka mitatu. Na hawana akili sawa. Kule ndani kuna watu wenye kucheza meza kumi kwa wakati mmoja, wamesoma vitabu, wana kompyuta na umeme usiokatika. Hata hao wanapita miezi mizima wakipoteza. Sisi tulikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Intaneti ikikatika Mabanga, mtandao haukungoji: unaendelea kukukata dau la lazima na kutupa karata zako mpaka urudi. Mara nyingi tulirudi tukakuta jetoni zimeisha.

Lakini ule usiku wa 214, tusiwadanganye, ulikuwa mtamu. Kiingilio dola 2 na senti 20, wachezaji 960. Tulianza saa mbili ya usiku. Mmoja alishika simu, mmoja alihesabu jetoni za wengine, mmoja aliandika. Karibu na saa tano tukapata asi mbili, karata za juu kuliko zote, zenye zinakuja mara moja katika 221. Mtu mmoja akatuwekea jetoni zake zote akiwa na wafalme wawili. Asi zikasimama. Saa nane za usiku tulibaki watu tisa, simu ina chaji ya 11 juu ya 100, na batri ya kioski tumeibeba nyumbani kwa sababu hakukuwa na umeme. Tulikuwa tunanong'ona mpaka mama wa parsele akagonga mlango akifikiri ni wezi. Tulimaliza wa pili. Tulikumbatiana kama watu waliopata mtoto.

Halafu tukaomba makuta yetu.

Wenye mtandao wakasema: leteni kitambulisho. Hapa wenzetu waliorudi wataelewa bila maelezo. Yule mwenye akaunti iko kwa jina lake hakuwa na pasipoti. Alikuwa na karte ya uchaguzi, yenye jina lake limeandikwa namna moja, na karatasi ya zamani ya ukimbizi, yenye limeandikwa namna ingine. Mara mbili walikataa. Wiki tano zilipita. Na katika wiki zile tano, dola 214 zilikuwa pale kwenye kioo, kila jioni, zinatutazama. Tukasema tucheze kidogo tu na faida. Siku waliyokubali karatasi zetu, zilibaki 46. Tukazitoa, na baada ya mtu wa katikati kukata sehemu yake, mkononi ziliingia 40.

Si sisi tu tumejifunza kwamba makuta ya kwenye kioo si makuta ya mfukoni. Tarehe 15 mwezi wa 4, mwaka 2011, serikali ya Marekani ilishtaki wenye mitandao mikubwa mitatu ya poka na kuifungia nchini mwake. Wachezaji wa mmoja wao, Full Tilt Poker, walingoja miaka kabla ya kurudishiwa yao. Hao walikuwa na pasipoti na mawakili.

Sasa tunafika kwenye sehemu ngumu.

Baada ya zile 40, mtu mwenye akili angesimama. Sisi tulisema shida yetu ni mtaji. Tulikuwa na ndoto, na tuitaje wazi: mmoja alitaka kazi yake iwe poka, mmoja alitaka siku moja aketi katika shindano la meza ya kweli, na watu wamuone, wa tatu alitaka tu kumjengea mama yake nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano. Hakuna ndoto mbaya pale. Tukaenda AVEC, tukaomba dola 90 za kununua batri ya pili. Mkatupatia. Batri hatukununua.

Tulikuwa tunajua sheria ya wachezaji: usiingie shindano kama huna angalau viingilio mia vya namna ile. Kwa dola 90, hiyo ni michezo ya senti 90. Sisi tukaingia ya dola 5 na senti 50, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kurudisha. Hiyo ni michezo 16. Ilichukua siku tisa. Katika mmoja tulipata tena asi mbili, na mwingine tena wafalme wawili. Asi zinashinda pale kama mara 82 juu ya 100. Safari hii mfalme wa tatu akatokea. Hakuna aliyetuibia. Ni zile 18 zilizobaki, na zenyewe lazima zimfikie mtu.

Siku ya posho ikafika, kila mtu analeta yake, sisi tumeinamisha kichwa. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wa nyumba tatu. Tukafikiri: makuta yenye kulindwa na kufuli tatu, sisi tuliyaweka ndani ya simu yenye namba moja ya siri, usiku, bila shahidi. Mmoja wa wale wamama hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Muko na kitabu?"

Kitabu kilikuwako. Mwenzetu mwenye anaandika simu zinazoingia kioski aliandika pia kila mchezo, tangu wa kwanza. Lakini tulikuwa tunaandika bila kujumlisha. Mama akasema: "Jumlisheni hapa, mbele yangu."

Haya ndiyo yaliyotoka. Miezi 14. Michezo 611. Viingilio, dola 671. Zawadi zote, pamoja na zile 214, dola 483. Tulilipwa mara 74 katika zile 611. Hasara ya mchezo, dola 188. Ongeza mega za intaneti, dola 97. Ongeza watu wa katikati wa kuingiza na kutoa, dola 41. Jumla, dola 326 zimeenda. Hatujaandika asubuhi ambazo kioski kilikuwa kimefungwa kwa sababu tulikuwa tumelala.

Na kabla ya siku ile, mtu akituuliza kama tuko tunapata, tungejibu ndiyo, na tungeapa. Kwa sababu tulikuwa tunakumbuka usiku mmoja, tumesahau 537 tulizotoka bila kitu. Mnajua wavuvi wa hapa ziwani wanavyovua sambaza usiku. Wavu uko chini, sambaza haiuoni. Inafuata taa. Zile 214 zilikuwa taa yetu.

Chama hakikutufukuza. Mlitupatia wiki 20: dola 5 kila siku ya posho, 90 na faida ya 9. Posho iliyopita tulileta 4 za mwisho. Ukurasa uko hapa, na sahihi ya wamama watatu. Kwa ninyi wafadhili, ambao sehemu ya mfuko ule ilitoka kwenu: tulisema batri, ikawa karata. Tunaomba msamaha. Tulifikiri tunyamaze, kwa kuwa deni limeisha na hakuna aliyewaambia. Lakini mkopo unaofuata wa kijana mwingine unategemea kama mnaamini vitabu vyetu.

Tuna maombi matatu kwa mkutano.

La kwanza: mkopo wa kununua chombo usiingie kwenye simu ya mtu. Watu wawili wa komite waende naye dukani, walipe, warudi na risiti.

La pili: mwanachama mwenye deni la mchezo, iwe poka, iwe kubeti mpira, awe na mahali pa kusema kabla ya siku ya posho, bila kusimamishwa mbele ya wote. Sisi tungepata mahali hapo, tungesema tukiwa na 46, hatungefika kwenye 90.

La tatu: mtupatie saa moja kila mwezi tuwafundishe vijana kitabu. Wale wanaokuja kuomba tuwafundishe poka, tutawafundisha kwa kitabu hiki hiki, kuanzia mchezo wa kwanza mpaka wa 611. Mwenye atafika mwisho na bado anataka kucheza, angalau ataingia macho wazi.

Mtatuuliza kama tumeacha. Wawili wameacha kabisa. Mmoja bado anacheza yale mashindano ya bure, na amejiwekea dola 2 kwa mwezi, za mfuko wake, zinaandikwa. Zikiisha, mwezi umeisha. Bado anataka kuketi siku moja kwenye meza ya kweli. Hatukuja hapa kuapa kwa niaba yake, maana tumeshaapa mambo mengi. Tumekubaliana tu kwamba kila siku ya kwanza ya mwezi anajumlisha mbele yetu, na sisi tunasoma jumla kwa sauti.

Na batri ya pili tutainunua. Tumeanza kuweka. Kitabu kinasema tuko na dola 23.