Manjano ya Mtoto na Jua la Asubuhi
Msikilizaji, tuitazame manjano ya watoto wachanga. Chembe nyekundu za damu zinapovunjika, mwili hutengeneza rangi ya kijani, biliverdini, kisha ya njano, bilirubini, ambayo ini huitoa kupitia nyongo. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, ndiyo maana wengi hupata manjano siku chache, kisha ikaisha yenyewe. Wako watakaosema: basi jua la asubuhi latosha. Hoja hiyo ina msingi. Mwaka 1958 madaktari wa Uingereza walionyesha kuwa mwanga hupunguza bilirubini. Lakini jua halina kipimo, na bilirubini ikizidi mno huweza kuharibu ubongo kwa kudumu. Manjano ya saa 24 za kwanza ni ya hospitali, si ya uani. Sasa swali: kwenye ngozi nyeusi, ambako manjano hujificha, nani humkagua mtoto macho na ufizi kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani?