Nani Aliambiwa Kwamba Kazi Ipo?

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya mipaka ya mashamba. Leo tunaacha shamba, tunaingia ofisini, hata katika ofisi zisizo na jengo, maana siku hizi mtu anaweza kufanya kazi ya kampuni akiwa amekaa jikoni kwa mama yake, kompyuta juu ya magoti.

Kijana mmoja wa hapa Lubumbashi ametuandikia. Ana miaka 26, amemaliza masomo ya kompyuta, diploma anayo. Anauliza hivi: "Hizi kampuni changa za teknolojia mnazozisifu kwenye redio, watu wanaingiaje? Mimi nasikia tu kwamba fulani ameanza kazi. Sijasikia hata mara moja kwamba nafasi ilikuwepo."

Nimeisoma barua hii mara tatu. Kijana huyu haulizi kwa nini kazi ni chache. Anauliza kwa nini hakuambiwa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na hilo la pili limekwisha kumwaga damu katika nchi hii ya Katanga.

Wazee wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Jimbo liliitwa Shaba wakati ule. Tangu miaka ya 1920 Union Minière na kampuni ya reli walitafuta wafanyakazi mbali, na wengi walitoka Kasai. Watoto wao wakasoma, wakawa makarani, mafundi na wakubwa wa kazi. Miaka sabini baadaye maneno yakaanza kuzunguka: wao ndio wanaokula kazi zote, mtoto wa hapa hana mahali. Watu wa siasa wakayashika maneno yale kama mtu anavyoshika panga kwa mpini. Likasi mwaka 1992, Kolwezi mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wakalala kwenye vituo vya treni kwa majuma mengi wakingoja mabehewa, na wengine, hasa watoto, walifia pale pale kwa magonjwa. Waliokimbia walikuwa mamia ya maelfu. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, na Kiswahili chao ni hiki hiki ninachosema mimi.

Nilikuwa mtoto wa miaka minne, kwa hiyo ninayoyajua ni ya kusimuliwa. Jirani wa mama yangu alimwachia sufuria kubwa ya kupikia bukari wakati wa sherehe. Alisema, "Dada, nitunzie, nitarudi kuichukua." Sufuria ile iko nyumbani kwetu hadi leo. Hakuna anayeipikia.

Na kazi zile zilizogombewa, je, zilibaki? Hapo ndipo panapouma zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 kampuni ilitoa tani zisizofika 50,000. Watu walipigania viti vya meza ambayo chakula chake kilikuwa kimekwisha kuondolewa. Halafu kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa bahasha ya pesa na kuambiwa waende nyumbani, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Muulizeni baba yeyote wa Kipushi au wa Likasi hiari ile ilikuwa ya nani.

Leo shaba imerudi. Kwa hesabu za mwaka 2024 nchi yetu ni ya pili duniani baada ya Chile. Lakini mashine ni kubwa na watu ni wachache. Kwa hiyo si ajabu vijana wanaitazama teknolojia kama baba zao walivyolitazama lango la kampani, wakisubiri king'ora.

Tusiidharau. Kazi zimekwisha kutoka humo, tena si kidogo. Kutuma pesa kwa simu kwa jina la M-Pesa kulianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2012 kukafika kwetu Congo. Angalieni sasa kila kona ya kartie: kijana au mama amekaa chini ya mwavuli, meza ndogo, simu mbili tatu. Hiyo ndiyo kabini. Mwenye kabini anaishi kwa asilimia ndogo anayopata kila mtu anapoweka au kutoa pesa. Hakuingia kwa kubisha mlango wa bwana mkubwa. Aliingia na kitambulisho, pesa kidogo ya kuzungusha, na majirani wanaomwamini. Ni kazi ngumu, wezi wanamjua na jua linamjua, lakini nafasi ile haikufichwa.

Mnamo 2013 Kinshasa iliona roboti za chuma zikisimama njia panda kuongoza magari. Aliyeziongoza kazi za kuzitengeneza ni mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi, na ziliundwa hapa hapa Congo. Kule Kivu kuna kampuni ya umeme wa jua inayoitwa Nuru. Ilianza na kituo kidogo Beni mwaka 2017, ikajenga kikubwa zaidi Goma, kilichowashwa mwaka 2020, na mwaka 2023 ikapata kwa wawekezaji dola zaidi ya milioni 40. Kampuni ya namna hii haitafuti wataalamu wa kompyuta peke yao. Inahitaji wa kupanda nguzo, wa kufunga mita, wa kutunza vitabu vya hesabu, wa kuzungumza kwa upole na mama ambaye taa yake imezimika saa mbili usiku. Kijana wetu wa barua, nakuomba usikie hili. Ukitafuta tangazo lenye neno kompyuta tu, utapita mbele ya milango mingi bila kuiona.

Hata serikali imeona jambo hili. Kuna amri yenye nguvu ya sheria, nambari 22/030 ya tarehe 8 Septemba 2022, juu ya kuendeleza ujasiriamali na kampuni changa. Nimeisoma. Ina ahadi nzuri. Wenye kampuni wangapi wanaijua, hilo ni swali la siku nyingine.

Sasa turudi kwenye swali: watu wanaingiaje? Nitasema ninavyoona, na wenye kampuni wasinikasirikie. Kampuni changa huanzishwa na marafiki wanne au watano. Walisoma darasa moja, au wanasali kanisa moja. Mambo yakienda vizuri wanahitaji mtu wa sita. Mmoja anaandika katika kundi lao la simu: "Nani ana mtu?" Mwingine anajibu: "Mdogo wangu yupo." Kazi imekwisha. Hakuna aliyemchukia mtu, hakuna aliyefikiri habari za kabila. Na mtu wa saba anaingia hivyo hivyo, na wa kumi na tano. Siku moja mama wa kartie nyingine anapita mbele ya ofisi, anasikia watu thelathini wakichekana kwa lugha moja ya nyumbani. Atakwenda kusema nini kwake? Nani atamwambia kwamba ilitokea tu?

Kasai na Katanga vilifika pale kwa njia ya namna hii hii. Karani alimwita shemeji, shemeji akamwita ndugu. Moto uliletwa na wanasiasa, ndiyo, nami sitawapunguzia hata chembe ya lawama yao. Lakini kuni zilikuwa zimekauka miaka mingi.

Mwenye kampuni mmoja alinijibu hivi: "Mwalimu, wewe unasema sheria. Mimi nina kompyuta sita, ndiyo mali yangu yote. Nikichukua mtu nisiyemjua akaziiba, nitamtafuta wapi? Binamu yangu akiiba, namwita baba yake usiku ule ule." Sikumcheka. Polisi na mahakama zetu tunazijua, na mtu ambaye hana pa kushtaki hujilinda kwa ukoo. Nilimwomba jambo moja tu: nafasi ikitokea, itangazwe. Iandikwe kwenye ubao wa chuo, isomwe redioni, ibandikwe kwenye mlango wa komini. Waombaji wapewe kazi ndogo ya kufanya kwa siku moja, na anayesahihisha asione majina. Binamu naye afanye. Akishinda, ameshinda mbele ya watu. Na habari ya wizi, mtu aje na barua ya mwalimu wake na mkazi wa kartie anayemjua. Alisema atafikiri. Bado anafikiri.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mcongomani, na mtu asiumizwe katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake au hali yake ya maisha. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi wa kabila na wa lugha. Watu wetu hupenda kutaja kifungu cha 15, kile cha kujitafutia wenyewe. Mimi nina lisansi ya sheria, na mwaka wa kwanza nilikitafuta kifungu hicho usiku kucha kwa mshumaa. Kifungu cha 15 cha Katiba yetu kinahusu kumaliza ubakaji na ukatili wa kingono. Kwa hiyo tukikitaja tukicheka, tujue tunachokitaja.

Mimi pia nilizungushwa. Nilipomaliza chuo kikuu nilipeleka dosie yangu katika ofisi moja, ambayo sitaitaja. Mtu wa mapokezi aliigeuza, akatazama jina langu kabla ya kutazama alama zangu, akauliza kijiji cha baba. Kisha akasema dosie haina mafuta, gari haliwezi kutembea. Alitaka matabishi ya dola 50. Sikuwa nazo, na ningekuwa nazo, kusema ukweli, sijui ningefanya nini siku ile. Nyumbani walikuwa wanangoja unga.

Kwa sababu hiyo nawaelewa wanaoanguka katika mtego wa sasa. Tangazo linakuja kwenye simu: kampuni kubwa inatafuta vijana 200, mshahara mnono, tuma dola 20 za kufungua dosie kwa nambari hii. Wanatuma. Nambari inazimwa. Ndugu, mwajiri wa kweli hakuombi pesa ili akupe kazi. Nenda mwenyewe ukaone ofisi, ukiulize jina la kampuni kwenye daftari la biashara. Na kama umekwisha kudanganywa, usikae na aibu. Kifungu cha 98 cha sheria ya makosa ya jinai kinamwadhibu tapeli kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Tunza ujumbe ule na uthibitisho wa pesa uliyotuma, usifute kitu, upeleke kwa parke.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi katika sifa za kampuni hizi. Kijana anaambiwa aje "staji", miezi mitatu bila mshahara, kisha mitatu mingine, na mwaka unapita akitengeneza programu ambayo tajiri anauza. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 haikulala hapo. Muda wa majaribio lazima uandikwe, na hauwezi kupita miezi 6, au mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi. Mkataba uandikwe. Usipoandikwa, anayepata shida ni mwajiri, kwa maana sheria inauhesabu kuwa mkataba usio na mwisho mpaka ithibitishwe vingine. Na vibarua wa siku kwa siku, hili ni lenu: ukiwa umefanya siku 22 katika miezi miwili, ukaitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, wewe si kibarua tena. Andikeni siku zenu kwenye daftari, na jina la mwenzako aliyekuona kazini.

Wenye kampuni watasema nawafundisha vijana kesi. Sivyo. Wengi wenu pia ni vijana, na mnajua kampuni inavyokufa wafanyakazi wanapoanza kunong'onezana kuhusu nani alilipwa na nani ni wa nyumbani kwa nani.

Kijana wa barua, nimepeleka swali lako, bila jina lako, kwa kampuni nne za hapa mjini. Nimewaomba wanieleze mtu wao wa mwisho aliingiaje. Mbili zimekubali kuja studio wiki ijayo, siku hii na saa hii hii. Atakuwepo pia inspekta wa kazi. Wenye mikataba waje nayo, hata ile iliyoandikwa kwenye kipande cha daftari, na wasio nayo walete hesabu ya siku zao. Kwaherini.