Kabureta Inapopanda Mlima

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Unguja)



Leo tuzungumze juu ya kabureta. Wengi wetu hapa Unguja tuna vespa au pikipiki, au tunapakiwa na wenzetu. Basi jambo hili linatuhusu.

Kabureta ni nini? Ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Ili kilo moja ya petroli iungue yote, inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Ni kama moto wa mafigani. Ukijaza kuni ukaziba upepo, unapata moshi tu.

Sasa sikilizeni. Hewa si sawa kila mahali. Pwani ni nzito, mlimani ni nyepesi. Kisiwa chetu ni tambarare. Hata kilima cha Masingini hakifiki mita 150. Ukitoka Mjini mpaka Makunduchi au Nungwi, kabureta haina haja ya kuguswa. Lakini Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Huko injini inavuta hewa pungufu, zaidi ya sehemu moja katika kumi. Kabureta haijui hayo. Petroli inazidi hewa.

Jirani yangu mmoja aliuza ng'ombe wawili akanunua vespa ya zamani. Akavuka nayo bahari, akaenda kufanya kazi Lushoto. Kule vespa ikatoa moshi mweusi, ikakosa nguvu. Fundi akabadilisha jeti, yaani kile kipande chenye kitundu cha kupitisha petroli. Akatia yenye kitundu kidogo zaidi. Vespa ikapanda milima vizuri. Fundi yule hakukosea.

Baada ya miezi michache jirani akarudi Unguja. Jeti hakuibadilisha. Sasa hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Injini ya namna hiyo huchemka mno. Tena vespa ile inapata oili yake ndani ya petroli. Petroli ikipungua, na oili inapungua. Siku moja, njiani kwenda Mjini, pistoni ikakwama. Ng'ombe wawili wakaenda hivyo. Na jeti ya zamani ilikuwapo nyumbani, ndani ya kikopo!

Basi tufanyeje?

1. Kwanza safisha chujio la hewa. Likijaa vumbi, moshi mweusi hutoka hata hapa pwani.

2. Injini ikipoa, fungua plagi uitazame. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi, na hiyo ni hatari. Ikiwa ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea, ni sawa.

3. Kabla ya kubadilisha skrubu ya kabureta, izungushe polepole kwa bisibisi mpaka ikae, usiilazimishe. Hesabu mizunguko. Andika katika daftari. Ukipotea, utajua pa kurudi.

4. Skrubu hiyo inasaidia injini inaponguruma polepole. Ukienda kasi, jeti ndiyo inayofanya kazi. Pia skrubu nyingine zinaongoza hewa na nyingine petroli. Muulize fundi yako ni ipi.

5. Jeti ina namba. Isome, uiandike pamoja na tarehe. Ukirudi pwani, rudisha ile ya pwani kabla ya safari ndefu.

Pikipiki nyingi mpya hazina kabureta. Zina mtambo unaopima hewa na kujirekebisha wenyewe. Lakini zenye kabureta bado ni nyingi visiwani.

Ndugu zangu, mtu husema, "Nimejua kusoma, kunanifaa nini?" Namba moja ndogo katika daftari ingeokoa ng'ombe wawili.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini vespa ilitoa moshi mweusi Lushoto?

2. Jirani alisahau nini aliporudi?

3. Plagi ya pikipiki yako ina rangi gani? Itazameni pamoja.