Somo la Leo: Kazi za Nyumbani Siku za Hofu

Fungueni madaftari yenu, lakini kalamu ziwekeni chini kwanza. Tutasikiliza, kisha tutaandika.

Leo tunauliza swali moja. Habari za kutisha zikifika kijijini, watu wa nyumbani wafanye nini? Jibu tutalitafuta Newala na Masasi, maana watu wa huko wamelazimika kulijibu mara nyingi.

Mji wa Newala uko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama pale na kutazama kusini, unaliona bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya milima ya mawe. Huko juu uwandani udongo una mchanga mwingi. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi, hata mito haipatikani. Chemchemi ziko chini, mabondeni.

Mtu atauliza, kwa nini watu walikwenda kukaa mahali pasipo maji? Sababu moja kubwa ni usalama. Katika karne ya 19 nchi za Ruvuma zilisumbuliwa na wawinda watumwa na mashambulio ya Wangoni. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia Masasi, mahali ambapo wamisionari wa UMCA walikuwa wamewaweka watumwa waliokombolewa tangu mwaka 1876. Juu ya uwanda vichaka vilisongamana sana, na adui hakupita kwa urahisi. Watu walipata usalama, lakini maji wakayafuata mbali. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Newala akaandika habari za safari hizo za kuteremka bondeni na kupanda tena na mitungi. Mabomba ya kupandisha maji uwandani yalianza kujengwa katika miaka ya 1950.

Shida hazikuisha. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Mwaka 1917 majeshi ya Kijerumani yalipita nchi hiyo yakirudi nyuma mbele ya Waingereza, mpaka yakavuka Ruvuma mwezi wa Novemba. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vilianza Msumbiji, vikaendelea mpaka 1974, na wakimbizi maelfu kwa maelfu wakavuka mto kuja upande wa Tanzania. Wengi wao walikuwa Wamakonde, ndugu wa wale waliowapokea. Mwaka 2017 vita vingine vilianza Cabo Delgado, na mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Katika miaka yote hiyo, asubuhi ilipofika, mtungi ulikuwa mtupu. Muhogo ulikuwa haujamenywa. Uwanja ulikuwa haujafagiwa. Vita haviteki maji, wala hofu haipiki ugali. Kazi zilikuwa palepale, zikingoja mikono ya watu.

Tena kazi hizo zina faida tatu wakati wa hofu.

Faida ya kwanza ni ya moyo. Hofu haina mwisho. Ukikaa ukiifikiri, jambo moja huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu, mpaka usiku unakucha. Lakini makopa ya muhogo yaliyo kinuni yana mwisho. Ukitwanga yatakuwa unga, ukichekecha unga utakuwa tayari. Mikono inajua la kufanya, na moyo hufuata mikono. Jioni unaweza kusema, "Leo nimemaliza hili." Siku za wasiwasi neno hilo ni kubwa.

Faida ya pili ni ya watoto. Mtoto mdogo hajui habari za mpakani. Anajua sauti za kwao: ufagio alfajiri, mchi kinuni, kuni zikipasuka motoni. Akizisikia kwa saa yake, anajua kwamba wakubwa wapo na mambo yanakwenda. Zikinyamaza zote, huogopa, hata kama hakuna aliyemwambia neno. Basi usimwambie tu mtoto, "Usiogope." Mwambie, "Niletee kata tunywe maji," au "Shika ungo huu." Kazi ndogo humpa nafasi yake katika nyumba.

Faida ya tatu ni ya uhai wenyewe, na hapa ninaomba msikilize sana. Muhogo mchungu una sumu. Wazee wetu walijua kuiondoa: humenywa, hulowekwa, kisha huanikwa juani siku za kutosha, ndipo hutwangwa. Wakati wa njaa au wa vita watu hufanya haraka. Siku za kuanika hupunguzwa, kwa kuwa watoto wanalia. Mwaka 1981, wakati wa ukame, mkoa wa Nampula huko Msumbiji ulipata wagonjwa zaidi ya 1,000 waliopooza miguu ghafula, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo, na mtu aliyepooza hivyo haponi kabisa. Walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa sawasawa, na chakula kingine kilikuwa haba. Mnaona? Desturi ya jikoni tunayoiona ndogo ilikuwa ngao ya miguu ya watoto. Kwa hiyo, siku ya wasiwasi ndiyo siku ya kufuata desturi hiyo hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

Lakini tusidanganyane. Kufagia uwanja hakuzuii risasi. Serikali ikitangaza hatari na kuwaambia watu waondoke, acheni kinu, chukueni watoto, ondokeni. Hata wazee wa uwandani walichota maji huku wakiangalia njia. Utulivu tunaousema ni wa mtu mwenye macho wazi. Tena mtu wa namna hiyo hachukui kila uvumi wa simu akaupeleka kwa jirani. Kwanza huuliza, "Nani amesema? Ameona mwenyewe?"

Liko jambo moja zaidi. Zamani safari ya bondeni ilikuwa mzigo wa akina mama na wasichana. Nyumba ikiwa na utulivu kwa sababu mama peke yake amechoka, huo ni utulivu wa wengine, yeye hana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baba, ndoo haichagui bega. Kijana, kuni hazimjui mwanamume wala mwanamke. Mkigawana kazi, kila mtu atapata kitu cha kushika mikononi wakati moyo unapodunda, na kila mtu atapata saa ya kupumzika.

Sasa shikeni kalamu. Mistari mitatu tu. Mstari wa kwanza, andika kazi moja ya asubuhi, saa yake, na jina la atakayeifanya. Mstari wa pili, kazi ya mchana. Mstari wa tatu, kazi ya jioni. Kwa mfano: "Saa kumi na mbili asubuhi, kuteka maji, baba." Jina la mtu mmoja lisiandikwe mara tatu. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, isomwe kwa sauti mbele ya watoto.

Kisha jibuni maswali haya darasani:

1. Kwa nini watu walikwenda kukaa juu ya uwanda usio na mito?
2. Muhogo mchungu hutayarishwaje nyumbani kwenu? Hatua gani haifai kurukwa, na kwa nini?
3. Habari za kutisha zikifika usiku huu, ni kazi gani ya nyumbani mtakayoifanya kesho alfajiri, na nani ataifanya?

Swali la tatu msilijibu mbiombio. Lijibuni nyumbani, watu wote wakiwa wamekaa pamoja. Kwa herini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.